Nyumba Nyepesi ya Kwenda Kilwa

Mimi ni fundi bodi, na mafundi bodi hatupendi kufundishwa kazi. Nalisema mapema ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani siku Bi Mwanaheri aliposimamisha Pijo lake mbele ya gereji yangu pale Mikocheni, akashuka na mwiko mkononi. Haukuwa mwiko wa kusongea ugali wa watoto. Ulikuwa ule wa pilau ya harusi, mrefu kama kasia, umeingia weusi wa masizi na mafuta ya miaka mingi.

"Fundi Gaudens," akasema, "nasikia wewe unajua mabati. Hebu twende ukanisaidie kuchagua nyumba ya kukokota."

Nilimfahamu. Nani asiyemfahamu kule Mbagala? Kama umewahi kula harusi ya maana upande ule, umekula mkono wake. Pijo lile, pikapu ya 404 iliyochoka, ndilo lililobeba masufuria yake, na nilikwishalichomelea sakafu mara mbili. Lakini nyumba ya kukokota ilikuwa habari mpya kwangu, nikamuuliza anataka kuhamia wapi.

"Sihami. Nataka kumpeleka mama kwao."

Mama yake, Bi Raudha, alikuwa ameanguka bafuni miaka miwili nyuma, nyonga ikavunjika na haikuunga vizuri. Kukaa kwenye kiti cha basi hata saa moja hawezi. Na kwao ni Kilwa Kivinje, njia ambayo mwaka ule wa tisini na sita ilimtoa machozi hata mwenye nyonga mbili nzima. Dada yake, Bi Rukaiya, alibaki huko, na sasa macho yamekwisha kabisa. Alikuwa ametuma salamu kwa mtu wa samaki: mwambieni Raudha aje, macho yamekwenda na mengine yanafuata. Hawajaonana miaka saba. Idd ilikuwa imepita juzi tu, masika yako mlangoni, na masika yakishika, njia ya Rufiji hufungwa mpaka Juni. Bi Mwanaheri hakuwa na hakika kwamba kuna mtu wa kumngoja Juni.

Siku hizo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Kampuni moja ya wageni iliyokuwa inajenga barabara ilikuwa imefunga kambi, wakaacha karavani tatu, nyumba za magurudumu, kwenye uwanja huko huko Mikocheni, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Dalali alikuwa kijana mmoja aitwaye Wilbert, miwani ya jua usoni hata akiwa kivulini.

"Shikamoo mama mkubwa. Braza, mambo. Karibuni, mzigo ndo huu," alisema, akatupeleka moja kwa moja kwenye kubwa kuliko zote. "Hii ndo mwisho wa matatizo. Ina kitanda, ina jiko, ina friji. Alikuwaga analala bosi mwenyewe."

Nakiri nilipendezwa. Nilijilaza chali chini yake nikaona chesisi ya chuma kinene, magurudumu manne, springi kama za lori. Nikagonga kwa kidole, nikatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu. Sisi mafundi wa Dar dawa yetu ni moja: kitu kikivunjika, unaongeza chuma. Kikivunjika tena, unaongeza kingine. Gari likitoka kwangu lina kilo mia zaidi ya lilivyoingia, na mwenyewe ananishukuru.

"Bi Mwanaheri," nikasema, "usisumbuke. Hii haifi."

Alikwenda mbele ya karavani, kwenye ule mkono wa chuma unaofungwa garini, akajifunga khanga kiunoni, akainama akaushika. Akavuta juu. Haukutikisika. Akanitazama.

"Njoo tusaidiane."

Tukasaidiana. Shingo ikanitoka mishipa, karavani ikatucheka. Bi Mwanaheri akajifuta mikono.

"Sufuria usiloweza kuliepua, usiliinjike," akasema. "Mie wasichana wangu nawaambia hivyo siku ya kwanza. Mtu anaona sufuria zito anasema hili ndilo lenyewe, litakaa miaka. Pilau inaiva, hamna wa kuliteremsha motoni, chakula kinaungua mnakitazama. Haya, fundi. Hii ikizama mchangani kule Kibiti, tutaiepua mie na wewe?"

Nilikasirika. Sikukasirika kwa sababu amekosea. Nilijaribu kumweleza kwamba uimara ni chuma, kwamba kitu chepesi ni cha kuchezea, kwamba ningeweza kuliongezea Pijo springi likavuta hata nyumba ya ghorofa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaenda kwenye karavani ya pili.

Hiyo ya pili ilikuwa ya wastani, imepigwa rangi nyeupe mpya inayonukia. Wilbert aliisifu kuliko hata ile ya bosi. Bi Mwanaheri akaanza kuigonga ubavuni kwa mwiko, taratibu, kutoka mlangoni kuelekea nyuma, kichwa amekiinamisha. Ngo. Ngo. Ngo. Alipofika karibu na dirisha la nyuma, mlio ukabadilika, ukawa pwa. Akarudia. Pwa.

"Hapa kuna maji," akasema.

"Mama, maji yatoke wapi? Hii ni alumini," Wilbert akacheka.

Bi Mwanaheri akaingia ndani, akafungua kabati lililo chini ya dirisha lile, akatia kichwa chote, akavuta pumzi. Mpishi wa shughuli hunusa mchele kabla gunia halijafunguliwa, na huwa hanunui gunia lililonyeshewa. Alipotoka alibonyeza ubao kwa kidole gumba, na kidole kikazama mpaka kwenye ukucha. Chini ya alumini karavani zina mbao, na zile zilikuwa zimeoza zikawa kama mkate uliochovywa chai. Wilbert alivua miwani. Mimi niliyejua mabati sikuwa nimeona kitu, na nilikuwa nimesimama pale pale.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama mwanamke yule kwa jicho jingine.

Ya tatu ilikuwa imesukumwa pembeni, karibu na ukuta, kuku wamelala chini yake. Ndogo, ya duara kidogo, rangi yake ya maziwa imegeuka rangi ya jino la mvuta tumbaku. Ubavuni ina bonde la kugongwa. Wilbert hakutaka hata kuizungumzia. Alisema wapishi wa kambi ndio waliokuwa wakipika na kulala humo. Bi Mwanaheri aliposikia neno wapishi akacheka, akasema basi wameiacha safi.

Akaigonga yote, pande nne, hata juu, ambako alinipandisha mimi na mwiko wake huku yeye akisikiliza chini. Ngo, kila mahali, hata kwenye bonde. Akashika mkono wa mbele, akaunyanyua peke yake. Akasukuma kidogo, na karavani ikarudi nyuma hatua mbili, kuku wakatoka wakipiga kelele. Halafu alifanya jambo ambalo sijaona mnunuzi yeyote akilifanya. Aliingia, akafunga mlango na madirisha, saa saba ya mchana, jua la Dar likiwa utosini, akakaa humo robo saa. Mimi na Wilbert tukabaki tunatazamana nje. Alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka, lakini anatabasamu.

"Pana tundu mbili za hewa juu, joto linatoka," akasema. "Mtu mzima hafi humu."

"Na mtikisiko?" nikauliza, maana sikuwa tayari kushindwa yote. "Nyepesi hivi itaruka kama mpira. Mgonjwa wa nyonga utamuua."

Swali hilo alilipenda. Alileta sufuria garini, akalijaza maji mpaka ukingoni, akaliweka sakafuni mwa karavani, tukaifunga kwenye Pijo kwa ndoano niliyoazima, tukazunguka barabara za Mikocheni zenye mashimo. Tuliporudi, nusu ya maji ilikuwa imemwagika. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Sufuria tupu likiwa motoni hurukaruka," akasema bila haraka. "Tia mchele ndani uone kama halitulii."

Tukajaza maji upya, tukapakia magunia mawili ya mchele na godoro vilivyokuwa kwenye Pijo, uzito wa bibi mmoja na mizigo yake. Tukazunguka njia ile ile, mashimo yale yale. Maji yalimwagika kikombe kimoja. Springi za ile karavani zilikuwa laini, zilikuwa zinamngoja mtu tu. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wake nikavua kofia. Miaka kumi na saba nachomelea magari ya watu, na sikuwahi kufikiri kwamba gari lina haki ya kujaribiwa likiwa limebeba kile litakachobeba.

Akainunua siku ile ile. Bei waliimalizia pembeni yeye na Wilbert, na Wilbert alirudi ameshika miwani mkononi, anamwita mama tu, bila mkubwa.

Kilichobaki kilikuwa changu. Niliambiwa niiandae kwa mgonjwa, na safari hii nilitaka kuonyesha kwamba na mimi ni fundi. Nikang'oa makochi yote ya ndani. Nikatengeneza kitanda kirefu, kutoka mwanzo hadi mwisho, cha mbao za mninga nyembamba ili uzito usizidi. Nikakiwekea kingo laini pande zote ili mtu asibingirike. Godoro nene, mto, pazia la kijani. Kilikuwa kitanda kizuri, nasema kweli. Siku ya nne tukaivuta hadi Mbagala, watoto wakitukimbilia, na tukaisimamisha mbele ya nyumba ya Bi Mwanaheri.

Bi Raudha alikuwa amekalishwa kwenye mkeka ukumbini, mto mgongoni, mguu mmoja ameunyoosha. Alikuwa mwembamba, mweupe wa nywele, macho makali.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Ndiwe fundi? Fungua niione."

Nikafungua mlango, nikasogeza pazia, nikasimama kando kama bwana harusi. Alikitazama kile kitanda kwa muda mrefu. Kisha akageuza uso ukutani.

"Lirudisheni sanduku lenu," akasema.

Bi Mwanaheri akapiga magoti mbele yake. "Mama, kuna nini?"

"Anayetolewa nyumbani amelazwa chali, akafungiwa mlango, akapelekwa kwao, ni maiti. Mie sijafa. Mkinitaka niende hivyo, ngojeni kidogo, si mbali."

Mawingu ya masika yalikuwa yamekwishaonekana upande wa kusini, na majirani waliokuja kutazama wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bi Mwanaheri, ambaye nilimwona akishinda dalali, jua na ubishi wangu, alibaki amepiga magoti, na machozi yakamtoka bila sauti. Alimfahamu mama yake. Bi Raudha akisema hapana, hakuna wa kuigeuza.

Mimi hasira zangu ni za karibu. Kitanda kile nilikipiga randa kwa mikono yangu, na sasa kinaitwa jeneza mbele ya mtaa. Nikaingia ukumbini bila kukaribishwa, nikachuchumaa.

"Bibi, samahani. Hawezi mtu mwenye nyonga kama yako kwenda Kilwa amekaa. Sasa wewe unataka uendeje?"

Akanigeukia. Nilidhani atanitukana, na ningestahili.

"Wewe kwenu wapi, baba?"

"Bukoba."

"Ukienda kwenu, baada ya miaka, unaingiaje?"

Nikafikiri. Nikajiona kwenye gari, kilomita ya mwisho. Najiweka sawa kola. Nateremsha kioo, natoa mkono nje, naendesha polepole makusudi ili waliokaa mbele ya maduka wanione, waseme, ala, si Gaudens yule?

"Naingia nikionekana," nikasema.

"Ehe," akasema Bi Raudha. "Na mie nina kwetu."

Nilitoka nikaenda kwenye karavani, nikasimama ndani na nyundo. Ndipo nikaliona lile dirisha la mbele. Lilikuwa pana, ukuta mzima, na lilikuwa chini kabisa, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, maana wale wapishi walilitumia kupitisha sahani. Mimi nilikuwa nimeliziba kwa ubao wa kichwani wa kitanda changu.

Nikakivunja kitanda. Sisemi kwamba sikuumia. Kwa mbao zile zile nikatengeneza kiti kirefu chini ya dirisha, mgongo wake umelala nusu, wa kuegemea bila kukunja nyonga, na mguu mmoja unanyooka mpaka mwisho wake. Mtu akiwa hapo hajalala na hajakaa. Bi Mwanaheri akanishikia misumari na kupima kwa mwili wake, akaegemea, akainuka, akasema punguza vidole viwili, nami nikapunguza bila ubishi. Jioni tukambeba Bi Raudha, tukamweka. Alijaribu mgongo. Alijaribu mguu. Akasogeza pazia, akamwona jirani anapita na ndoo.

"Mama Zuhura!" akaita. "Kesho naondoka!"

Tuliondoka kesho yake asubuhi, mimi kwenye usukani kwa sababu sikutaka mtu mwingine auvute ule mkono wa chuma niliouunga garini mwenyewe. Bi Mwanaheri alikaa ndani na mama yake. Kwenye kioo cha Pijo nilikuwa namwona bibi dirishani, amevaa khanga mpya, anapokea shikamoo za Barabara ya Kilwa. Trafiki mmoja alitusimamisha akitaka kuuliza hiki ni chombo gani na kwa nini kina mtu. Kabla hajafungua mdomo akakutana na jicho la Bi Raudha, mkono ukaenda kwenye kofia wenyewe. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Mama yako hajambo?" Tukapita.

Mchanga wa Kibiti ulitushika mara mbili. Tulifungua karavani, tukavuta Pijo likatoka, kisha mimi, Bi Mwanaheri na wapita njia wawili tukaitoa karavani kwa mikono, bibi akiwa ndani anatuamuru tusimtikise. Ile ya bosi ingekuwa huko hadi leo, imeota majani. Kwenye pantoni ya Ndundu maji ya Rufiji yalikuwa yamekwishaanza kuwa mekundu, na mwenye pantoni alisema wiki moja baadaye tusingevuka. Tulilala Ndundu, tukaendelea kulipopambazuka. Kila tuliposimama nilizunguka kuikagua, nikitafuta ufa, ribiti iliyong'oka, ekseli iliyopinda, nikitafuta tu kosa moja la kujifariji. Sikupata. Ile karavani ya rangi ya jino la mvuta tumbaku ilipokea kila shimo la njia ile, ikainama, ikainuka, ikafuata.

Alasiri tukaingia Kivinje. Bi Raudha alinigongea kioo cha dirisha lake kwa pete, nami nikaelewa, nikaenda mwendo wa mtu anayetembea. Watu walisimama barazani. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Jamani, si Raudha binti Mbwana yule?" na bibi akainua mkono kidogo tu, kama mtu aliyetoka sokoni.

Tukasimama mbele ya nyumba ya dada yake. Upande wa pili wa njia palikuwa na kiwanja kitupu chenye vichuguu vya udongo mwekundu. Bi Mwanaheri alininong'oneza kwamba hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya mama yake, mvua ya mwaka themanini na tisa iliiangusha, na tangu hapo anaishi Mbagala chumba cha uani. Bi Raudha aliona kiwanja, akakitazama.

Bi Rukaiya akatoka, mdogo wa umbo, mkono begani kwa mjukuu wake wa kike. Alikuwa amesikia gari na kelele za watu, lakini hakuna aliyemweleza ni kitu gani kimesimama hapo. Akanyoosha kiganja, kikagusa alumini. Akapapasa polepole, akalipita lile bonde, akafika kwenye fremu ya mlango. Akajua huu ni mlango. Akajiweka sawa mtandio, na akafanya kile ambacho mtu aliyelelewa hufanya mbele ya mlango wowote duniani.

"Hodi," akasema. "Hodi wenyewe."

Bi Mwanaheri alikuwa amesimama ndani, karibu na mlango. Miaka yote ile Mbagala, hodi ikipigwa, yeye ndiye anayeitikia. Nyumba ile ni yake. Nikamwona anafungua mdomo.

"Karibu, Rukaiya," ikatoka sauti dirishani, kubwa kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza kuitoa. "Karibu ndani, mwana wa mama yangu. Karibu kwangu!"

Bi Mwanaheri akafunga mdomo. Akateremka kwa upole, akamwachia mgeni wa mama yake nafasi ya kupita.